Seli Yangu Kichwani mwa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi amelazwa. Kifafa. Wamempitishia nyaya nyembamba kichwani wajue kinaanzia wapi. Wakati wa kungoja kifafa kije, daktari wa ubongo anamwonyesha picha huku akisikiliza seli mojamoja za ubongo kwenye spika. Leo seli moja imepiga kelele alipoonyeshwa Binamu. Tatatata! Picha ya mbele, ya ubavuni, hata jina lake lilipoandikwa tu. Daktari anasema seli hiyo haijali sura, inajali ni nani. Binamu huyo asiyekosa Jumapili hata moja kuja kumsalimia. Mnafiki! Shangazi hana mtoto, na kabla ya upasuaji atataja wa kumwachia karakana yake ya ushonaji. Mimi ndiye ninayeishi kwake. Picha yangu hata hawakuiomba.

Jumanne, 5 Machi

Nimeipenyeza picha yangu katikati ya zao. Suti ya kuazima, kitabu mkononi. Kimya! Daktari amenifariji: wanasikia seli chache tu kati ya mabilioni, huenda yangu iko kwingine. Faraja ya walioshindwa. Binamu alikuwapo, akanipa pole. Nimemchukia upya.

Alhamisi, 7 Machi

Imepatikana! Picha yangu ilitokea, seli ikalipuka. Nikamkumbatia muuguzi, akanisukuma. Nikapita wodi nzima nikitangaza. Niliporudi, seli yangu ilikuwa inaipigia kelele picha ya paka wa jirani. Halafu kochi lililochanika. Tatatata, bila aibu! Daktari akaeleza kwamba seli moja huweza kushika vitu kadhaa ambavyo akili imevifunga pamoja. Akamuuliza Shangazi sisi watatu tunahusianaje. Shangazi alicheka mpaka muuguzi akakimbilia nyaya.

"Wote wako sebuleni kwangu," alisema, "na hakuna anayetoka."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Ile ile niliyoitangazia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemkabili Shangazi. Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, iweje aniweke fungu moja na paka? Leo hakucheka. Alinishika mkono, akasema nisiumie. Picha yangu ilipotokea alinijua papo hapo, suti na yote.

"Nakujua, mwanangu. Ndiyo maana karakana nimempa mwenzio."

Nilitoka nikasimama kwenye ngazi. Macho yaliniwasha. Dawa yao ya kusafishia sakafu ni kali mno.

Jumatano, 20 Machi

Upasuaji umekwenda salama. Shangazi karudi nyumbani, anakula vizuri, keshokutwa ataanza kupita karakanani. Na daktari, kwa kinywa chake mwenyewe, amesema seli hujifunza: mtu akiona vitu viwili pamoja mara kwa mara, seli ya kimoja huanza kuitikia na kile kingine. Siku zote hizo alikuwa wapi! Nimebandika picha yangu kwenye kila cherehani, Shangazi akipita atuone pamoja. Mafundi wananung'unika, eti nawatumbulia macho. Binamu, bosi mpya, amenisihi kwa upole nizibandue, kisha akauliza kama ningependa kufundishwa kushona. Kushona, mimi! Ameshaanza kuniogopa. Kesho nabandika kubwa zaidi.