Foleni ya Bure, Dola Kumi

Nicanor Zertuche aliiona foleni kabla hajauona ukumbi wa parokia, na moyo wake ukacheka. Wapo watu wakiona foleni huuliza kuna nini. Nicanor huuliza wana nini.

Mlangoni palibandikwa tangazo: leo mawakili, msaada kwa wenye madeni, bure.

"Bure," akajisemea kwa huzuni, kama aliyekuta maziwa yamemwagwa. Katika mitaa yote ya magharibi mwa San Antonio hapakuwa na mtu aliyeliamini neno hilo, na yeye ndiye aliyeliamini kidogo kuliko wote. Zaidi ya hayo, alikuwa na shida. Asubuhi hiyo sauti nzito ilimpigia simu: deni la sofa, dola mia mbili kabla ya jioni, la sivyo pikapu yake inavutwa. Na tapeli anayetembea kwa miguu hafiki mbali.

Akanyoosha kola, akatoa bunda la tiketi za bahati nasibu.

"Namba, jamani! Bila namba huingii! Dola kumi tu!"

"Wameandika bure," akasema mwashi mmoja.

"Wakili ni bure, kaka. Nafasi ndiyo ya kulipia. Hewa nayo ni bure, lakini si unalipa kodi ya chumba unamoivutia?"

Mwashi akafikiri, akaona hoja ina uzito, akalipa. Alipolipa mmoja, wengine wakaogopa kuachwa. Punde tiketi ishirini zikawa zimekwisha.

Ndipo akatokea Doña Obdulia, mjane wa shali ya kijani, mweka hazina wa upatu wa wanawake wa parokia. Alimtazama Nicanor kama mama anayemtazama mtoto mwenye homa.

"Mwanangu, una uso wa bahati."

"Nashukuru, mama. Namba?"

"Namba ya nini? Mimi nina balaa." Akashusha sauti. "Leo tunatoa upatu. Tuko kumi na wawili, mia mbili kila mmoja. Wa kwanza kupokea alikuwa Chayo, naye kakimbilia Laredo, binti yake anajifungua. Atakayeweka mia mbili sasa hivi badala yake, mchana anazoa elfu mbili na mia nne."

Nicanor akapiga hesabu, na hesabu ikampiga yeye. Mia mbili za ile sauti, zinazobaki za mfukoni, na wiki ijayo wamtafute Houston! Mwingine angejiuliza kwa nini neema hiyo iletewe mgeni. Lakini tamaa ikitangulia, akili hufuata nyuma ikichechemea.

"Nitawasaidia, mama," akasema kwa unyenyekevu, akamkabidhi noti zote.

Obdulia akazihesabu taratibu, kisha akaigeukia foleni.

"Jamani! Kijana anawarudishia zenu! Kumi kumi, msisukumane!"

"Mama! Tulikubaliana!"

"Mbele ya nani?"

"Na upatu je?"

"Tulitoa Jumapili. Chayo yule pale."

Chayo, aliyekuwa wa tano kwenye foleni, akampungia mkono. Watu wakaangua kicheko.

Simu ya Nicanor ikalia. Akasikiliza, rangi ikamtoka usoni.

"Nani huyo?" Obdulia akauliza.

"Wenye sofa. Wanachukua gari langu jioni. Na sasa sina hata senti."

Mjane akaguna. Akamshika mkono, akamwingiza ndani kama mwizi wa kuku.

Wakili Itzel Barragán alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. "Sofa ulinunua lini?"

"Miaka tisa iliyopita. Mke wangu aliondoka nayo."

"Umewahi kuitwa mahakamani?"

"Kamwe."

"Basi deni limepitwa na muda. Hapa Texas walipaswa kushtaki ndani ya miaka minne. Na gari lako hawawezi kuligusa kwa deni la sofa. Wanakutisha tu ili ulipe."

Nicanor akashika meza. "Yaani wananitapeli? Mimi?"

"Ndiyo, bwana."

"Kwa simu!" Akawaka kwa hasira ya fundi aliyeonyeshwa kazi ya ovyo. "Hata kuja kuniangalia usoni hawakuja!"

Itzel akaandika barua ya kuwakataza wasimpigie tena, akamkabidhi nakala.

"Na malipo?"

"Hakuna."

Nicanor akaigeuza karatasi, akachungulia nyuma yake. "Ya muhuri? Ya kufungua faili? Ya kiti hiki?"

"Hakuna, bwana Zertuche."

Akautafuta mtego machoni mwa yule binti, yeye aliyeijua mitego yote ya mjini, asiuone. Akainuka bila kuaga.

Nje, Obdulia alikuwa akimngoja. "Sauti unayo. Kaa hapo, uwaite watu."

Basi Nicanor akasimama mlangoni. "Bure, jamani! Bure kwelikweli!"

Mzee mmoja mwenye kofia ya majani akasimama. "Kiasi gani?"

"Bure, mzee wangu. Hata senti."

"Na nafasi?"

"Bure!"

Mzee akamkagua kuanzia viatu vilivyong'arishwa hadi kola iliyonyooka. Akafumbata pochi kifuani, akavuka barabara.

"Mzee, rudi! Naapa kwa Bikira!" Nicanor akamkimbilia, karibu alie.

Mzee naye akatoka mbio.