Kizunguzungu cha Manju wa Igoma

Jumatatu, 9 Juni 2025

Dunia imezunguka tena. Saa tatu na dakika kumi asubuhi, nikiwa karakana, napaka kabati vanishi. Kabati likaanza kwenda kushoto. Nikalifuata. Nikajikuta nimekumbatia mguu wa meza ya mteja. Dakika arobaini! Kichwa hakikuuma hata kidogo. Mwanga wa mlangoni ndio ulionichoma macho.

Najua nani kafanya hivi. Luhaga. Ni naibu wangu katika kundi la ngoma na anautaka usinga wangu wa umanju. Jumapili tunashindana na Mkolani: makundi mawili, uwanja mmoja, kila kundi upande wake. Filimbi ya mwisho ikilia, lenye watazamaji wengi ndilo mshindi. Manju asiyeweza kusimama havuti hata mbuzi. Nikianguka, wanachama watampa Luhaga usinga. Nimeushika miaka kumi na minane.

Nimebadilisha njuga zetu kwa siri. Dawa aliyoweka kwenye zangu imrudie mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Mazoezini Luhaga kazunguka mara kumi na nne bila kuyumba. Eti wiki hii njuga zake zimekuwa nyepesi, hajui kwa nini. Mimi nimezunguka mara mbili, nikaikumbatia ngoma kubwa. Nikawaambia nasikiliza kama ngozi imekaza. Luhaga akauliza, mbele ya watu wote, tangu lini manju anasikiliza ngozi kwa shavu.

Bernadeta, mke wangu, amesema kesho naenda kwa daktari. Nimekataa katakata. Tunaondoka saa moja asubuhi.

Jumatano, 11 Juni

Kliniki, Nyamagana. Daktari Najat ni binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Ameniamkia shikamoo, nikaitika marahaba, kisha akanigombeza nusu saa kwa adabu zote. Kanipima masikio. Kanitembeza kwenye mstari ulionyooka. Amesema hiki ni kipandauso, cha aina inayovuruga mizani ya mwili. Nikamwambia kipandauso nakijua, mama alikuwa nacho, kichwa kilimpasuka. Akasema kwa aina hii kichwa si lazima kiume, na kwamba mara nyingi hutembea katika ukoo. Bernadeta akauliza kama ukaidi nao hutembea katika ukoo.

Masharti: kulala na kuamka saa zilezile. Kutoruka mlo. Maji ya kutosha. Kahawa kidogo. Kumeza dawa dalili zinapoanza, si baada ya kuanguka. Msumeno wa umeme nisiuguse siku ya kizunguzungu. Na niandike daftarini kila kinachotangulia, ili tujue nini kinakichokoza.

Nikamtajia Luhaga. Akasema Luhaga hayumo kwenye orodha yake. Bado mdogo. Hajui mambo.

Alhamisi, 12 Juni

Nimelala kwa muda wa saa nane. Asubuhi michembe ya viazi vitamu na chai, maji vikombe sita. Hakuna kilichozunguka. Nimepona! Bernadeta anasema niendelee na masharti. Mtu aliyepona anaendelea na nini?

Kwa tahadhari tu, nimewatangazia wenzangu kwamba manju wa zamani walicheza wameketi, na Jumapili nitatumia kiti. Luhaga akauliza na chai je, aniletee ya maziwa au ya rangi. Wakacheka mpaka mpiga ngoma akadondosha fimbo. Wazo la kiti nimelifuta.

Ijumaa, 13 Juni

Kwa kuwa nimepona, nimefidia kazi. Bila kifungua kinywa. Kahawa vikombe vinne. Mlango nimeufunga vumbi lisiharibu vanishi. Kabati safari hii limekwenda kulia.

Nimeandika kama nilivyoagizwa: njaa, kahawa, vanishi, mlango. Saa nne Luhaga alikuwa akipita barabarani. Nimemwandika pia.

Aliingia, akanikalisha nje kivulini, akaniletea maji, akanifungia karakana. Kisha akapendekeza Jumapili mimi niimbe, yeye azunguke. Mapinduzi! Nikamwambia Kaka Luhaga, bado nipo.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikulala, nilitazama video za Mkolani kwenye simu. Asubuhi sikula, hofu ilinishibisha.

Wimbo wa tatu nikazunguka. Mara ya tano uwanja ukainuka. Sikuanguka, niliteremka. Niliteremka na ngoma kubwa, benchi la wapiga ngoma, na Luhaga, aliyekuwa ameushika mkanda wangu akagoma kuuachia. Kishindo kikafika Mkolani. Watu wao wote wakakimbia kuja kuona nani kafa, hata muuza karanga wao. Filimbi ikalia hapohapo.

Igoma washindi! Mkolani wakalalamika kwamba watu walifuata ajali. Mwamuzi akasema sheria inahesabu vichwa, haiulizi vimefuata nini.

Luhaga akatoa dawa yangu ya kliniki mfukoni mwake. Kumbe Bernadeta alimpa tangu Jumatano. Zawadi ya mshindi, dume la ng'ombe, nimeipokea nikiwa nimelala chali. Usinga bado ni wangu.

Jumatatu, 16 Juni

Daktari Najat amesoma daftari lote, akalisifu. Amesema sasa vichokozi vinajulikana bila shaka: njaa, kukosa usingizi, kahawa nyingi, harufu ya vanishi. Msichana huyu ni hodari kweli. Nimemshukuru kwa mikono miwili.

Luhaga nimemrudishia njuga zake. Sina tena haja na dawa za mtu. Fainali ni Agosti, na sheria ni ileile ya kuhesabu vichwa.

Nimenakili orodha ya daktari kwa mwandiko mzuri: mkesha mmoja, kahawa vikombe vinne, tumbo tupu, kopo la vanishi ndani ya mkoba wa njuga. Luhaga asimame karibu na mkanda wangu. Sijamwambia kwa nini.

Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Bernadeta kaiona kwa mbali tu, bila miwani, akafurahi. Anasema hatimaye nimeanza kumsikiliza daktari.