Alama za Baba Zilizoangukia Baharini

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Ile GPS ya marehemu baba, ndani ya boksi la viatu juu ya kabati la mama. Baba alikuwa mpima ardhi. Kila alipopita alibonyeza, akahifadhi humo alama ya mahali. Nikatia betri. Ikalia tiii, mlio uleule wa jioni tukimkimbilia mlangoni. Alama mia mbili na kumi na sita! Macho ya mama yanazidi kuingia ukungu, anatamani aione nyumba yetu ya kwanza angali anaona. Nikamwahidi: Jumapili, kwenye kompyuta. Dada akashauri nimwite mumewe, fundi kompyuta. Nimwite Mtaalamu? Aje anikoholee kikohozi chake cha kisomi? Thubutu!

Jumatano, 5 Machi
Waya wa kuazima. Faili limetoka. Programu ya ramani imelikataa, eti haitambui aina hii. Nikalibadilisha jina, nikalibandika mwisho herufi inazozipenda. Likakataliwa tena. Roho mbaya tu.

Ijumaa, 7 Machi
Ujanja mpya! Nimelifungua faili kama jedwali: majina, kisha safu mbili za namba. Programu ikauliza ipi latitudo, ipi longitudo. Nikajibu bila kusita. Imekubali! Kuangalia ramani ya nini? Nimewapigia simu wote. Mtaalamu nimempigia mara mbili.

Jumapili, 9 Machi
Aibu. Sebule imejaa, mama kakaa mbele, miwani kaifuta. Nikafungua. Alama zote za baba katikati ya bahari! Mama akasema marehemu hakujua kuogelea. Dada alicheka mpaka akatoka nje. Mtaalamu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema taratibu, shemeji, umezigeuza safu tu. Akajiwekea nakala ya faili kwenye kompyuta yake, akazibadilisha. Alama zikahama majini, zikatua kwenye mtaa wetu wa zamani.
Mama akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kwenye picha ya angani, paa letu jekundu sasa ni la bluu. Akasema hata hivyo ni penyewe. Baba alikuwa ameandika: "Kisima." "Shule." Na moja, barabarani: "Kaendesha peke yake."
Mama akaniuliza kama naikumbuka ile baiskeli. Naikumbuka. Baba alikimbia nyuma ameshika kiti, sikujua aliachia wapi. Sasa najua, na kama ni kukosea, ni kwa mita chache.
Nikasema vumbi limeniingia machoni. Sebule ilikuwa imepigwa deki.

Jumatatu, 10 Machi
Mpango mpya! Na mimi niweke njia zangu, wanangu wazione siku moja. Asubuhi nikatoka na GPS. Kwenye kona ya kwanza ikauliza: nafasi imejaa, nifute za zamani? Maelezo yake yapo, kurasa arobaini. Nani ana muda? Nikabonyeza ndiyo.
Zote. Zimekwenda.
Faili langu la aibu nilishalifuta jana; nakala anayo Mtaalamu peke yake. Kumwomba? Kamwe! Kesho naenda kumsalimia tu. Akishaingia jikoni kuchemsha chai, nina dakika tano na kompyuta yake. Zinanitosha kabisa.