Memori ya Polepole kwa Yosbel

Jumatatu, 3 Juni
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Nereida, mke wangu, katangaza: nikishindwa kazi ya video ya Leidy, chumba cha mbele anakichukua yeye, awe anapaka watu rangi za kucha. Miaka kumi na moja nimehariri humo video za mabinti wa Santa Clara wanaosherehekea kutimiza miaka kumi na tano! Magauni, ngazi, farasi wa kukodi, yote yamepita mikononi mwangu. Sasa mama yake Leidy kampa na Yosbel wa mtaa wa nyuma picha zilezile. Atakayemaliza kwanza, video yake itaoneshwa ukumbini Jumamosi, kwenye sherehe ya binti. Huyo Yosbel hata kusalimia hajui.

Jumanne, 4 Juni
Nimepata memori ya pili ya kompyuta. Ya kasi! Nimebadilishana na sufuria ya umeme ya kupikia wali. Nikaichomeka kando ya ile ya zamani, nikaingia kwenye mipangilio, nikaiamuru mashine iende kwa kasi ya hii mpya. Ikalia pii mara tatu, ikazima. Nikarudia. Pii, pii, pii! Nereida akauliza kutoka jikoni ni nini kinacholia, na sufuria yake iko wapi. Nikajibu swali la kwanza.

Jumatano, 5 Juni
Kwa fundi Crescencio. Alicheka mpaka akaweka kahawa chini. Akasema memori mbili za mwendo tofauti zikikaa pamoja, zote hufuata ile ya polepole. Ukiilazimisha hiyo kukimbia, inagoma. Akarekebisha mipangilio, mashine ikawaka. Akasema haya mzee, nafasi sasa imeongezeka, nenda kafanye kazi. Hapo mwisho sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nawaza. Ya polepole inaiburuza ya kasi... na Yosbel anayo moja tu, ya kasi!

Alhamisi, 6 Juni
Nimechomoa memori yangu ya zamani, nikaifunga kwa karatasi ya zawadi, nikampelekea Yosbel. Nikamwambia sisi wakubwa tusipowashika mkono vijana, nani atawashika? Machozi yakamlenga. Ati, "Baba Evelio, wallahi sijui nikushukuru vipi!" Akaichomeka mbele ya macho yangu. Mgongo unaniuma, lakini roho imesuuzika.

Jioni nimefungua video ya Leidy. Memori imejaa! Hii mpya ina kasi, lakini nafasi yake ni nusu ya ile ya zamani. Farasi kainua mguu, mguu ukabaki juu. Nimezima, nimewasha. Mguu juu.

Ijumaa, 7 Juni
Yosbel kamaliza! Kaja mwenyewe na keki. Anasema shida yake siku zote ilikuwa nafasi. Sasa memori zikiwa mbili, mashine inateleza tu, na huo mwendo wa polepole hata hauonekani. Nereida akamkatia kipande kikubwa, akamwita mwanangu. Mimi nikapewa kipande cha pembeni. Farasi wangu bado yuko mguu juu.

Jumamosi, 8 Juni
Ukumbini. Mwisho wa video, maandishi makubwa kuliko jina la Leidy: ASANTE BABA EVELIO. Watu wakasimama kupiga makofi. Mama yake Leidy akasema nina moyo wa pekee. Nilitamani ardhi ipasuke. Nereida hakupiga makofi. Alikuwa ameshaambiwa sufuria ilikokwenda.

Jumapili, 9 Juni
Kompyuta iko jikoni, kati ya ndizi na ndoo. Chumba cha mbele kina wanawake watatu, vidole vimetandazwa, wananicheka. Crescencio kapita. Kasema nimwombe Yosbel memori yangu, ataitoa leo hii kwa mikono miwili, nami nitafanya kazi kama zamani. Kaongeza kwamba bila shaka kosa langu nimeliona.

Nimeliona. Niliyompa haikuwa ya polepole vya kutosha. Crescencio anayo moja kwenye droo, kobe kabisa, na anatafuta pasi ya nguo. Nereida anayo pasi.