Namna Nilivyomfundisha Mwatumu Kushindwa

Jumatatu, 3 Machi 1958

Darasa limefunguliwa leo, hapa hapa Ngamiani. Bibi Ruthi, mwalimu, Mbondei wa Muheza, anatufundisha wanawake kugombea kiti cha baraza la mtaa. Kusimama mbele za watu. Kujibu maswali. Kutolia ukizomewa. Nikasema moyoni, kiti hicho changu. Nani mwingine? Wenzangu wote wanaongea huku wamejiziba mdomo kwa kanga. Balaa moja tu: lazima wagombea wawe wawili. Asipopatikana wa pili, kiti anapewa mwanamume. Nikajitolea kumtafuta huyo wa pili na kumfundisha mwenyewe. Bibi Ruthi kanisifu kwa moyo mwema. Masikini, hanijui.

Jumanne, 4 Machi

Nimempata. Mwatumu! Shoga yangu tangu utoto, Tongoni. Sasa jirani, ukuta kwa ukuta. Mpole, sauti yake haivuki kizingiti. Kauliza kwa nini yeye. Nikamwambia nimeona nuru usoni mwake. Kalengwalengwa na machozi, kanishukuru. Nikajisikia vibaya mpaka chai ya alasiri.

Alhamisi, 6 Machi

Masomo yanakwenda vibaya, yaani vizuri, kama nilivyopanga. Nimemwambia asihutubie hata kidogo. Watu hawapendi mwanamke mwenye maneno. Akiulizwa jambo, aseme hajui, ataenda kuuliza. Na penye shughuli asikae mbele, aende jikoni. Anaitikia kila neno kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mie najizoeza hotuba mbele ya kioo. Idarusi, mume wangu, kauliza nagombana na nani.

Jumamosi, 8 Machi

Matanga mtaa wa nyuma. Nimekalia kiti, nionekane. Mwatumu jikoni tangu asubuhi. Kapeta mchele, kasugua masufuria, macho mekundu kwa moshi. Nilimhurumia, wallahi. Nani atamwona huko? Ukumbini tulikuwa mie na bibi mmoja kiziwi. Wanawake wengine wote walikuwa jikoni.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya maswali. Watu wa mtaa wameuliza mbona bomba la maji linafungwa mapema. Nikajibu kwa kirefu: maendeleo, ustaarabu, ulimwengu wa leo. Katikati nikapotea mwenyewe. Mwatumu kasema hajui, ataenda kuuliza. Nusura nicheke.

Alasiri karudi. Kumbe kaenda kweli! Kamfuata msimamizi wa maji, kaketi barazani kwake mpaka kasikilizwa. Bomba sasa litakuwa wazi mpaka magharibi. Wanawake wamemzunguka, wanasema huyu hadanganyi. Ala! Nani kamtuma aende? Mie nilimfundisha kusema tu!

Jumamosi, 15 Machi

Leo kura. Wagombea tumesimamishwa uso ukutani, marufuku kugeuka. Wapiga kura wanapanga foleni nyuma ya wanayemtaka. Nikasikia nyayo mgongoni kwangu. Nyingi! Watu wanakohoa, wananong'ona, wanasukumana. Nikauchekea ukuta. Nikaanza kutunga maneno ya shukrani.

Tukaambiwa tugeuke. Loo! Foleni ya Mwatumu ilikuwa ndefu mpaka ikapinda, mkia wake ukapita nyuma yangu. Hata yule bibi kiziwi alikuwa kwake. Kwangu kasimama mmoja tu, Mastura. Binti wa Mwatumu!

Nikamvuta pembeni, nikamuuliza kulikoni. Kasema ni mama yake ndiye aliyemtuma, ili mie, mama yake mdogo, nisije nikasimama peke yangu.

Kisha Mwatumu kapewa nafasi aseme. Maneno machache: yote anayoyajua kafundishwa na Mwamvua. Wakanigeukia mie, wakanipigia vigelegele. Sijapata kuona aibu kama ile. Nimelia njia nzima mpaka nyumbani. Nilipofiwa na mwanangu, ni Mwatumu aliyelala chini pamoja nami mpaka matanga yakaisha. Na mie nikamchagua kwa sababu ni mtu rahisi kushindwa. Najuta. Najuta mpaka chakula hakipiti.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka na nia moja: kumweleza Mwatumu kila kitu na kumwomba radhi. Nikapika vitumbua, nikapiga hodi. Kanikumbatia kabla sijafungua mdomo. Kasema bila mie asingethubutu hata kusimama mbele ya mlango wake. Nimekaa, nimekula vitumbua vyangu mwenyewe, kimoja baada ya kingine.

Nikajiambia, akimaliza kumimina chai namwambia. Kamaliza. Nikajiambia, nikimaliza kunywa.

Hapo Mastura kaingia, kanipa shikamoo. Sauti hiyo! Inafika barabarani. Na watu wanampenda, kama wanavyompenda mama yake. Na kiti kitagombewa tena mwakani. Nikatua kikombe. Mama na binti wakisimama wote, si watagawana kura? Nami nitapita katikati.

Radhi nitaomba siku nyingine. Mwatumu haendi popote, ni jirani.

Nikamwita Mastura uani. Nimemwambia nimeona nuru usoni mwake. Kalengwalengwa na machozi, vilevile kama mama yake. Tunaanza masomo kesho.