Mistari Mitatu ya Sketi

Jumatatu, 5 Mei 2025

Siku njema sana. Sista Ludovika, mkuu wetu wa shule, ametangaza kikaoni: Jumamosi shule inatimiza miaka arobaini, na mimi, Mwalimu Maximilian wa Historia, nitaandika historia yake na ya sare yake, niisome mbele ya wageni. Kiti cha makamu mkuu kiko wazi. Nyumba ya makamu ina bati lisilovuja. Yangu inavuja juu ya mto wangu. Sihitaji kuambiwa mara mbili.

Mwalimu Kissa wa Jiografia, aliyekuja kutoka Tukuyu juzijuzi, ameuliza kama nitakwenda Nambis kwa Bibi Qamara, aliyeshona sare za kwanza. Kimbelembele! Nimemjibu nina mbinu zangu za utafiti.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Njia ya Nambis ni tope mpaka magotini. Halafu bibi ana miaka themanini na kitu, atakumbuka nini? Nimejifunika blanketi na kuichunguza sketi moja ya stoo. Rangi damu ya mzee, na chini mistari mitatu ya utepe mweupe. Kwa nini mitatu? Nikafikiri dakika tano. Sala, Elimu, Kazi! Waasisi walifunga siku tisa kabla ya kuichagua. Kurasa nne! Nimejishangaa mwenyewe.

Alhamisi, 8 Mei

Sista amesoma, amefurahi. Akauliza nani amenihadithia. Nikasema wazee. Akauliza wazee gani. Nikasema wengi. Jioni nikapita nyumba ya makamu kupima madirisha, nijue mapazia ya kununua.

Ijumaa, 9 Mei

Balaa! Kissa amevaa mabuti ya mvua akaenda Nambis kwa miguu. Bibi Qamara anakuja kesho. Nimempangia kiti nyuma kabisa, karibu na jiko, nyuma ya spika. Nimemwambia Sista ni kwa ajili ya joto, bibi asipate baridi. Sista ameniita mtu wa huruma.

Jumapili, 11 Mei

Jana sikuweza kuandika.

Nilisahau kitu kimoja, salamu za wazee wa huku, na nimezaliwa hapahapa! Bibi alipoingia nikamkimbilia nimpeleke nyuma. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akanishika mkono, asiuachie. Akataka kujua baba yangu nani, babu yangu nani, mama katoka ukoo gani. Wageni wakaona, wakaja wote kumwamkia. Sasa nani wa kumweka mzee jikoni? Mgeni rasmi mwenyewe, Daktari Letisia, mmoja wa wanafunzi wa kwanza kabisa, akampisha kiti chake cha mbele.

Nikasoma. Sala, Elimu, Kazi. Makofi! Kisha Bibi akanyoosha mkono, akaomba kurekebisha kidogo.

Akasema wasichana wa kwanza walikuwa kumi na wawili. Wakala makande, wakanywa maziwa, wakarefuka. Sketi zikapanda juu ya magoti, na kitambaa kile hakikupatikana tena. Ikabidi ateremshe pindo. Alama ya pindo la zamani ikabaki, akaifunika kwa utepe. Wengi aliwateremshia mara moja. Mmoja tu mara tatu. Baadaye fundi wa Babati akaomba sketi ya mfano, akapelekewa ya msichana huyo kwa haraka, naye akashona zote vilevile. Tangu hapo hakuna aliyeuliza.

Ndipo Daktari Letisia akasimama. Akaendelea kusimama. Urefu wa mama yule hauna mwisho! Akasema sketi ile ilikuwa yake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, yeye na Bibi wakakumbatiana wakilia. Hata mimi nililia, kwa sababu zangu.

Jumatano, 14 Mei

Kissa ndiye makamu. Amehamia jana. Mvua inaendelea, nimesogeza kitanda tena. Inauma, jamani.

Sista hana kinyongo. Amenipa nafasi ya kujirekebisha: kurasa mbili kuhusu kengele yetu, ile rimu ya lori inayoning'inia uwanjani tangu mwanzo. Amesisitiza nimuulize Mzee Akonaay aliyeitundika. Anakaa ng'ambo ya uwanja wa netiboli. Namwona kutoka dirishani hapa, anapalilia vitunguu vyake. Lakini tope lile!

Rimu ina matundu sita. Nimefikiri dakika tano. Upendo, Umoja, Amani, Bidii, Uvumilivu. La sita limenisumbua kidogo, kisha likaja lenyewe. Ukweli!