Kimada Niliyempa Mzee Mbwana

Jumamosi, 2 Agosti
Nyota yangu imewaka! Nitatengeneza filamu ya maisha ya Mzee Mbwana, mpiga gitaa mstaafu wa bendi ya dansi, jirani yangu hapa Tandika. Mbwana kijana ni mie mwenyewe, nani mwingine? Nimekwenda na shikamoo nzito, na mche wa sabuni kwa mkewe, Bi Munira. Mzee akakubali na gitaa lake akaniazima. Nikamwomba anisimulie alivyoteseka. Akasema hakuteseka. Pombe? Anakunywa chai ya tangawizi. Wanawake? Akanionyesha Bi Munira anachambua mchicha. Huyohuyo, tangu ujana.

Loh! Sasa hayo ni maisha? Filamu zote za wanamuziki nilizoziona zina njaa, sifa, pombe, kimada, halafu mtu analia mvuani. Huyu mzee hata mvua hana!

Jumatatu, 4 Agosti
Nimempa kimada. Anaitwa Sesilia, walikutana Tabora bendi ilipokwenda ziarani. Anayemwigiza ni Marietha, msusi wetu. Audax, mwenye kibanda umiza, atatuonyeshea filamu Nanenane, ila alitaka yeye ndiye awe Mbwana, eti ana ndevu. Ndevu! Nimempa nafasi ya meneja mwizi, inamkaa vizuri.

Mvua tumeimwaga kwa ndoo kutoka juu ya paa, mie chini napiga gitaa huku nalia. Marietha kasema nimelishika kama jembe. Wivu.

Ijumaa, 8 Agosti
Banda limefurika! Mzee na Bi Munira wamekaa mbele kabisa. Vigelegele, miluzi. Akatokea Sesilia kwenye skrini, akanikalia mapajani. Bi Munira akasimama. Akamwambia mumewe kumbe ndiyo maana Tabora alichelewa kurudi! Mzee akaapa ilikuwa malaria. Bi Munira akataka kujua nani alikuwa anamkanda.

Halafu akanigeukia mie. Akauliza: we Mashaka, hii kweli au uongo? Audax ananitazama anachekelea. Na mwanzoni kabisa mwa filamu nimeandika: hadithi ya kweli! Nikajibu: kweli tupu, mama.

Bi Munira katoka kabla hata ya ile sehemu ya mvua. Kaenda kwa dada yake, Kibamba.

Jumamosi, 9 Agosti
Mzee kaja asubuhi, macho mekundu. Hakunipiga. Kasema tu kwamba nyumba imemshinda bila Munira, hata chai hajui sukari inakaa wapi. Roho imeniuma, wallahi. Nikabeba gitaa, tukaenda Kibamba.

Nikapiga magoti, nikakiri Sesilia nimemtunga mwenyewe. Bi Munira hakuamini. Kasema kichwa changu hakina uwezo wa kutunga mtu. Ebo!

Mzee akachukua gitaa ambembeleze. Likalia kama bata. Akaliinamisha, maji yakadondoka. Bi Munira akauliza kulikoni. Nikamweleza ile mvua. Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Mbwana wake aache gitaa lilowe? Angelivulia shati, alowe yeye! Hata mie mkewe, kasema, haniruhusu kulishika nimetoka kuosha vyombo. Basi filamu yote uzushi!

Wakaimba wimbo wao wa harusi, na bata lao hilohilo. Majirani wakajaa uani, wakacheza, wakawatunza. Nimecheza mpaka ndala imekatika. Raha iliyoje!

Jumapili, 10 Agosti
Nimelala nikiwaza, nimeona kosa langu. Mwenye sauti kumbe ni Bi Munira! Filamu yake naanza leo. Tatizo, na yeye hajateseka. Nimempa mume wa kwanza, baharia wa Mtwara. Baharia ni mie. Mzee sijamwambia bado.